Kushusha gari kwa mara ya kwanza: springi fupi kwenye Subaru Impreza, na nafasi ya shokapu tunayoisahau

Mwanzisha uzi, Dar es Salaam

Wakuu, salaam. Naandika kwa urefu kwa sababu nilipotafuta maelezo ya Kiswahili kabla ya kuanza kazi hii nilipata picha nyingi za magari yaliyoshushwa, lakini maneno machache sana ya jinsi yalivyoshushwa. Gari langu ni Subaru Impreza ya mwaka 2005, ile ya milango mitano, injini ya cc 1,500, inayovuta kwa magurudumu yote manne. Nimetoa springi za kiwandani, nimefunga springi fupi pamoja na shokapu mpya nne, na kazi yote nimeifanya nyumbani kwa siku mbili nikisaidiwa na mdogo wangu. Kabla ya hapo sikuwahi kufungua mguu wa gari.

Naanza na jambo ambalo nalitaka likae mbele ya mengine yote. Wengi wetu tunapima gari lililoshushwa kwa macho: tunatazama uwazi kati ya tairi na madigadi, na ukiwa mdogo tunasema limetulia. Uwazi huo hauonyeshi kitu ambacho gari linakihitaji zaidi, yaani urefu ambao shokapu bado inaweza kuingia ndani kabla haijagonga raba ya kikomo (kile kipande cha raba kinachozuia shokapu isigonge chuma kwa chuma). Tuchukue mfano wa hesabu. Gari lenye milimita 80 za kuingia likishushwa milimita 40 linabaki na nusu ya safari yake. Ili springi ilipokee tuta lilelile ndani ya nusu ya safari inapaswa kuwa ngumu mara nne, si mara mbili, kwa sababu nguvu inayohifadhiwa na springi hupanda kwa mraba wa umbali inaobanwa. Hakuna springi ya barabarani iliyo ngumu kiasi hicho, na kama ingekuwepo hakuna mgongo wa abiria ambao ungeivumilia. Gari hilo litagonga kikomo kila siku, na dereva atadhani kwamba springi fupi ni mbaya, kumbe tatizo ni kwamba limeshushwa kupita nafasi lililokuwa nayo. Lakini gari hilohilo likishushwa milimita 20, ugumu unaohitajika ni kama mara 1.8 tu, na raba ya kikomo ikiwa laini na ndefu ya kutosha inaweza kubeba sehemu ya mzigo huo kwa upole.

Kwa sababu hiyo nilichagua springi zinazoshusha takriban milimita 25 hadi 30, zilizotengenezwa mahsusi kwa aina hii ya Impreza. Kampuni kama Tein ya Japani na Eibach ya Ujerumani hutengeneza springi za namna hii, na katika kuchagua niliangalia namba ya mwili wa gari, si jina la gari peke yake, kwa kuwa Impreza ya turbo na isiyo na turbo hazina uzito sawa mbele. Shokapu za zamani sikuzirudisha. Zilikuwa na mafuta yaliyovuja kwenye mbili, na hata zile mbili nzima zilikuwa zimezoea springi laini. Kuzipa springi ngumu zaidi ni kuzimalizia maisha.

Vipimo vya mwanzo nilivichukua kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa madigadi, gari likiwa kwenye sakafu iliyonyooka, tangi likiwa na nusu ya mafuta. Mbele kulia sentimita 38.6, mbele kushoto 38.4, nyuma pande zote mbili 38. Nawasihi mpime hivi, msipime kutoka chini, kwa sababu upepo wa tairi hubadilisha kipimo cha chini bila springi kuhusika.

Sasa kazi yenyewe. Impreza hii ina shokapu za mtindo wa MacPherson mbele na nyuma, yaani springi imevaa juu ya shokapu na vyote viwili hutoka kama kitu kimoja. Jambo hilo humrahisishia mtu wa mara ya kwanza, kwa kuwa utaratibu wa mbele na wa nyuma unafanana. Nililegeza nati za magurudumu gari likiwa chini, nikalinyanyua kwa jeki, kisha nikaliweka juu ya stendi mbili za chuma na kulitikisa kwa nguvu kabla ya kuingiza hata mkono. Jeki peke yake si kitu cha kulala chini yake, na tofali ni hatari zaidi kwa sababu hupasuka bila onyo. Gurudumu nililolitoa nililiweka chini ya gari pembeni, ili likitokea la kutokea gari liangukie gurudumu na si mtu.

Bolti mbili kubwa hufunga shokapu kwenye kile chuma kinachobeba habu, yaani kitovu cha gurudumu. Mbele, bolti ya juu kati ya hizo mbili haiko duara kamili: ina mbenuko, na ukiizungusha unabadilisha mlalo wa tairi. Ichoreeni alama ya rangi kabla ya kuigusa. Mimi niliweka alama upande wa kulia na kusahau upande wa kushoto, na gari lilivuta upande mmoja kwa siku zote nilizosubiri alaimenti, yaani kupanga pembe za matairi. Usiku uliotangulia nilizipulizia bolti zote mafuta ya kulegeza kutu, nikarudia asubuhi, na ni moja tu kati ya nane iliyohitaji bomba refu la kuongeza urefu wa spana.

Bolti zikishatoka, chuma hicho huanguka kuelekea nje. Msikiache kining'inie kwenye paipu ya breki wala kuvutika nje sana, kwa sababu gari hili lina ekseli za kuvuta mbele na nyuma, na sivijointi (kiungo cha ekseli kinachopinda) ikivutwa kupita kiasi inaweza kuachana ndani ya mpira wake. Mdogo wangu alikishikilia, kisha tukakifunga kwa waya mnene kwenye chesisi. Kumbukeni pia kufungua kishikio cha paipu ya breki na cha waya wa ABS mapema, si baada ya kuviona vimekazika. Nati tatu ndogo za juu ndizo za mwisho kutoka, na mkono mmoja uwe umeshika shokapu, kwani itashuka yote kwa uzito wake.

Hapa nafika mahali ambapo nawaomba mpunguze mwendo. Springi iliyobanwa kwenye shokapu ina nguvu ya kuua. Kibanio cha springi nilichotumia ni kile cha ndoano pande mbili, na masharti yake hayana msamaha: vibanio viwili vikae pande zinazotazamana, kila kimoja kishike mizunguko mingi iwezekanavyo, vikazwe kwa zamu, mizunguko michache ya spana upande huu kisha michache upande ule, na kwa spana ya mkono, si kwa mashine ya upepo. Nati ya katikati haiguswi mpaka springi iwe inacheza kwa mkono kwenye viti vyake. Mdomo wa shokapu usielekezwe kwa mtu, wala mtu asipite mbele yake. Nati ya katikati nayo ifunguliwe huku fimbo ya shokapu ikizuiwa kwa aleni (spana ya fimbo yenye pembe sita). Fimbo hiyo ikishikwa kwa koleo itapata mikwaruzo, na mkwaruzo mdogo tu utakata sili ya mafuta ndani ya wiki chache.

Kabla ya kuvalisha springi mpya nilifanya jambo moja ambalo halikuchukua hata nusu saa, na sasa naliona kuwa la thamani kuliko yote. Nilifunga shokapu mpya upande mmoja ikiwa na raba ya kikomo lakini bila springi, nikarudisha gurudumu, kisha nikalipandisha gurudumu taratibu kwa jeki hadi raba ilipoanza kubanwa. Kwa njia hiyo niliona kwa macho mahali tairi litakapofika siku ya shimo kubwa, nikazungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili, na nikajua kwamba tairi langu la 195/60R15 haligusi madigadi wala plastiki ya ndani. Anayetaka kubadilisha rimu afanye kipimo hiki akiwa na rimu hizo, si zile za zamani.

Wakati wa kurudisha, hakikisheni ncha ya chini ya springi imekaa kwenye kituo chake, na maunti ya juu, yaani kile kishikio kinachofunga shokapu kwenye bodi, imetazama upande uleule iliyotoka nao. Nayo niliichorea alama. Nati na bolti nilizikaza kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa vipimo vya kitabu cha gari. Nati tatu za juu hazihitaji nguvu nyingi na hukatika kwa urahisi, ilhali bolti mbili za chini zinahitaji nguvu kubwa sana, kwa hiyo kukadiria kwa mkono kunakosea pande zote mbili.

Gari likawa chini. Baada ya kuliendesha mtaani kwa dakika 20, mbele lilikuwa sentimita 36.2 na nyuma 35.8. Nimefurahi, lakini kwenye rasta za barabara ya Morogoro linatetema kwa ukavu ambao sikuutegemea kutoka kwa springi hizi. Wenye uzoefu naomba mnisaidie.

Mchangiaji, Arusha

Mkuu, nashukuru kwa maelezo. Mimi nina Toyota Mark X na fundi wangu ameniambia kwamba akikata mzunguko mmoja wa springi za kiwandani nitapata matokeo hayohayo bila gharama ya springi mpya. Je, kuna tofauti ya kweli, au ni biashara ya wauza spea tu?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, tofauti ipo. Nalisema hili nikiwa nimeshalilipia, kwa sababu gari langu la kwanza lilikatwa springi katika gereji moja ambayo sina haja ya kuitaja. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi ikibaki na 5 inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20, kwa hiyo ni kweli kwamba kukata kunaongeza ugumu. Lakini gari likishuka kwa kiasi kikubwa, asilimia 20 haifidii safari iliyopotea. Rejea hesabu niliyotoa hapo juu. La pili ni ncha. Springi nyingi zimemaliziwa kwa umbo maalumu ili zikae kwenye kiti chake, na ukikata ncha hiyo springi hukalia ukingo wa chuma, hulia, huzunguka, na siku nyingine huruka kutoka mahali pake.

La tatu ndilo lililonitoa katika mawazo ya kukata moja kwa moja. Gari likinyanyuliwa, au gurudumu likiingia kwenye shimo, shokapu hufunguka hadi mwisho wake, na springi iliyokatwa inakuwa fupi kuliko nafasi hiyo, hivyo inaachia kiti. Magari yetu mengi yanatoka Japani, na huko ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken hauruhusu springi inayolegea gurudumu linaponing'inia, wala hauruhusu sehemu ya chini ya gari kuwa karibu na ardhi kuliko sentimita 9. Sioni sababu ya sisi, wenye barabara ngumu zaidi, kujiwekea kiwango cha chini kuliko chao. Na kama fundi amependekeza kuipasha springi moto kwa gesi ili ilale yenyewe, tafadhali kataa kabisa, kwa kuwa moto huo unaondoa ugumu uliowekwa kwenye chuma kiwandani na springi itaendelea kulala au itakatika.

Mchangiaji, fundi wa miguu, Gerezani

Mwanzisha uzi, kazi yako ni safi kwa mtu wa mara ya kwanza, na kipimo cha kupandisha gurudumu bila springi ni mafundi wachache wanaokifanya. Nina swali moja. Bolti za bushi za mikono ya chini mbele (vile vyuma vinavyounganisha sehemu ya gurudumu na chesisi), na zile za mikono ya nyuma, ulizilegeza na kuzikaza upya gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake? Katika maelezo yako sikuziona. Kama hukuzigusa, hapo ndipo ukavu wako unapotoka.

Mwanzisha uzi

Fundi, sikuzigusa. Niliona kwamba shokapu hazipiti hapo, nikaziacha kama zilivyokuwa.

Mchangiaji, fundi wa miguu, Gerezani

Basi nieleze ili na wengine wasome. Bushi ya mkono ni raba iliyoshikamana na bomba la chuma ndani na nje. Bolti ikishakazwa, bomba la ndani halizunguki tena; mkono ukipanda na kushuka, ni raba inayojinyonga. Kiwandani zilikazwa gari likiwa kwenye kimo chake, ili raba ipumzike pale gari linaposimama. Wewe umelishusha karibu sentimita mbili na nusu, kwa hiyo raba zote sasa zimejinyonga hata gari likiwa limeegeshwa, na zinafanya kazi kama springi ya pili inayolisukuma gari juu. Zitachanika mapema, na hadi zichanike zitakupa ukavu huo. Lipeleke gari kwenye shimo la gereji au lipandishe juu ya mbao nene magurudumu yote manne, legeza bolti hizo, bonyeza gari mara kadhaa ili lijipange, kisha kaza kwa kipimo cha kitabu.

Na nikuongezee la mkono wa chini. Ukilitazama gari lako kutoka mbele, mkono huo unapaswa angalau kulala sawa, au ncha yake ya nje iwe chini kidogo ya ile ya ndani. Ukilishusha gari la MacPherson mpaka ncha ya nje ipite juu, ile nukta ambayo mwili wa gari unaizunguka unapolala kwenye kona hushuka haraka kuliko uzito wa gari unavyoshuka. Matokeo yake gari la chini linataka kulala zaidi kwenye kona kuliko lilivyokuwa, na watu wanalificha hilo kwa springi ngumu zaidi. Wateja wengi huniambia gari limeshuka lakini haliko imara. Ninapochungulia chini, mara nyingi mikono imetazama juu.

Mwanzisha uzi, baada ya siku tisa

Narudi na majibu. Nilifuata maelekezo ya fundi kwenye shimo la jirani yangu. Bolti za nyuma zilikuwa ngumu na zilichukua asubuhi nzima, lakini zilipolegea tu gari lilishuka lenyewe mbele ya macho yetu. Vipimo vipya ni sentimita 35.7 mbele na 35.2 nyuma, yaani nusu sentimita nzima ilikuwa imeshikiliwa na raba. Ukavu kwenye rasta umepungua kwa kiasi ambacho mke wangu, ambaye hakuambiwa chochote, aliniuliza kama nimepunguza upepo wa matairi. Mikono ya mbele bado ina ncha za nje chini kidogo, nimeipiga picha na kuilinganisha na rula.

Alaimenti nimeifanya jana, baada ya gari kutembea kama kilomita 200 na springi kutulia. Kemba, yaani mlalo wa tairi likitazamwa kwa mbele, ilikuwa imeongezeka kuelekea ndani kwa takriban nyuzi nusu, na upande wa kushoto zaidi, ule ambao sikuuchorea alama. Fundi wa mashine alitaka kurekebisha kemba tu kwa sababu ndiyo inayoonekana kwa macho. Nilimwomba kwa heshima aanze na kemba kisha amalize na tou, yaani matairi yanavyotazamana kwa mbele, kwa kuwa mkono wa usukani nao umebadilika pembe, na tou iliyokosewa hula tairi haraka kuliko kemba ndogo ya ziada. Tulikuta matairi ya mbele yametazama nje. Taa za mbele nilizirekebisha jioni mbele ya ukuta.

Mchangiaji, Mombasa

Ndugu yangu, hongera. Mimi nafikiria koilova, yaani shokapu na springi zenye kimo kinachorekebishwa, ili niweze kupandisha na kushusha nitakavyo, na rimu za inchi 17. Waonaje?

Mwanzisha uzi

Ndugu, koilova ni chombo kizuri ikiwa ni ile ambayo kimo chake hurekebishwa kwa kuzungusha kiti cha chini cha shokapu nzima. Zile ambazo unashusha gari kwa kuteremsha kiti cha springi peke yake zinakurudisha kwenye tatizo langu la kwanza, kwa sababu kila uzi wa skrubu unaoteremsha unakula safari ya shokapu. Muuzaji akuonyeshe ni ipi kabla hujalipa.

Kuhusu rimu, tairi la 205/45R17 lina kimo karibu sawa na langu la 195/60R15, kama milimita 616 dhidi ya 615, kwa hiyo spidomita haitadanganya. Lakini ukuta wa tairi unapungua kutoka milimita 117 hadi 92, na ukuta huo ni sehemu ya springi ya gari. Kama unashusha na kubadilisha rimu, ningekushauri ufanye moja kwanza, uendeshe mwezi mzima ukipita njia zako za kila siku, kisha uamue la pili, maana ukifanya vyote kwa siku moja hutajua ni kipi kilichokuharibia gari.

Mwanzisha uzi, baada ya kilomita 3,000

Nimelegeza magurudumu na kukagua kila kitu leo. Nati zote ziko kwenye kipimo isipokuwa moja ya juu mbele kulia, ambayo ilikubali kugeuka kidogo. Shokapu zote nne ni kavu. Raba za kikomo za mbele zina alama ya kubanwa lakini hazijaviringika wala kupasuka, na alama hiyo naijua imetoka wapi: ni tuta lisilo na rangi karibu na Chalinze nililolikuta usiku tukiwa watu watano. Nimepima kina cha matairi ya mbele, ndani milimita 6.1 na nje 6.2, pande zote mbili. Kimo kimebaki sentimita 35.6 mbele na 35.2 nyuma. Nitapima tena kwenye kilomita 10,000 na kuweka namba hapa.